Mashirika ya dini hayakuchapisha mahubiri tu

Kila tukigusa vitabu vya elimu vya enzi ya Malkia Victoria, lazima atokee mtu wa kudai kwamba mashirika ya dini yaligawa trakti (vijitabu vifupi vya kuhubiri) bure na kuiogopa sayansi. Si kweli! Religious Tract Society (RTS), shirika la Wakristo wa kiinjili lililoanzishwa London mwaka 1799, liliendesha biashara kamili ya vitabu. Michango ya waumini iligharimia trakti za kugawa. Vitabu vilitakiwa vijilipie, na faida yake ikasaidia ugawaji.

SPCK (Society for Promoting Christian Knowledge), shirika la Waanglikana la kueneza elimu ya Kikristo, ni kongwe zaidi, la 1698. Ndiyo iliyotoa matoleo ya baadaye ya kitabu cha sarufi ya Kiswahili cha Askofu Steere wa Zanzibar.

Linalonikera hasa ni hilo la sayansi. Mwaka 1826 kiliundwa chama cha kueneza maarifa yenye manufaa, kikaiweka dini kando kwa makusudi. Mwaka 1832 kikatoa Penny Magazine, kwa peni moja tu. Wakristo wa kiinjili hawakuogopa fundi viatu kujua habari za nyota. Waliogopa azijue bila Muumba kutajwa. Kwa hiyo wakaiandika sayansi wenyewe. SPCK ilijibu mwaka uleule kwa jarida lake, Saturday Magazine, na mwaka 1845 RTS ikaanza Monthly Series, kitabu kimoja kila mwezi kwa peni sita. Tofauti yake na trakti ni kubwa. Trakti ya RTS, hata iwe fupi vipi, ilipaswa kueleza njia ya wokovu. Kitabu cha Monthly Series kiliweza kueleza wanyama au historia kurasa nyingi mfululizo, mradi sauti yake iwe ya Kikristo.

Je, watoto waliopewa vitabu hivi walivisoma? Hapo nina shaka. Nakala nyingi zina karatasi ya tuzo iliyobandikwa ndani ya jalada: jina la mtoto, mahudhurio mazuri, tabia njema. Aliyenunua ni msimamizi wa shule ya Jumapili, si mtoto. Idadi ya nakala zilizouzwa inatuonyesha alichopenda msimamizi, basi.

Ndiyo maana naliamini zaidi Boy's Own Paper, jarida la wavulana la RTS hiyohiyo, lililoanza Januari 1879. Lilitoka chini ya jina la ofisi ya The Leisure Hour, jarida jingine la RTS, likafungua na hadithi ya mechi ya raga, na kwa peni moja mvulana aliweza kujinunulia mwenyewe.