The Byrds walivyozikata nyimbo za Dylan zikazidi kunoga

Wengi wanadhani The Byrds, bendi ya roki ya Marekani ya miaka ya sitini, walichofanya na nyimbo za mwanamuziki Bob Dylan ni kuongeza tu drams na gitaa la umeme, basi. Mimi napiga gitaa, hizi kava (nyimbo za mtu mwingine walizorudia kwa mtindo wao) nimezichambua sana, na nawaambia kazi kubwa waliyofanya ni kupunguza.

Chukua Mr. Tambourine Man. Ya Dylan ina beti nne na inapita dakika tano. Byrds wakabakiza ubeti mmoja tu, ule wa pili, wakaubana katikati ya kiitikio na kiitikio, wimbo ukaisha kwa dakika mbili na kitu, saizi ya redio. Halafu mpangilio wa mapigo wakautoa kwenye mbili-mbili wakaupeleka kwenye nne-nne, ukawa wimbo wa kuchezeka kabisa! Juu ya hapo kuna gitaa la umeme aina ya Rickenbacker, la nyuzi 12, la Roger McGuinn wa The Byrds (enzi hizo bado anaitwa Jim), ambalo ukilichomeka hivihivi noti inakufa haraka, ila pale studio za Columbia Hollywood, Januari 1965, walilipitisha kwenye kompresa (kifaa kinachobana tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo) likabanwa sana hadi noti ikawa inaning'inia na kulia kama kengele. Wapiga gitaa mnaohangaika na pedali kutafuta ile sauti, anzeni na kompresa.

Na kwenye ile rekodi ni McGuinn peke yake kwenye bendi aliyepiga ala, besi na drams ni wanamuziki wa studio, Larry Knechtel na Hal Blaine, wakati wenzake wa bendi Gene Clark na David Crosby waliingiza sauti tu. Kwangu hilo haliwapunguzii kitu, maana zile sauti zilivyopangwa hakuna wa kukodi angewapa. Aprili ikatoka, ikashika namba moja Marekani na Uingereza.

Sio zote zilibamba, kwa All I Really Want to Do, nayo ya Dylan, kule Marekani kava ya mwimbaji Cher iliwapita. Ila My Back Pages ya 1967, ambayo nayo waliipunguza baadhi ya beti, naiweka juu ya ya Dylan mwenyewe na sirudi nyuma.

1968 wakaenda Nashville kurekodi You Ain't Goin' Nowhere kabla Dylan hajaitoa ya kwake, Lloyd Green akapiga stili gitaa (lile la kulaza, linalopigwa kwa kutelezesha chuma juu ya nyuzi) tamu ajabu. McGuinn akachanganya maneno kidogo kwenye mstari mmoja, na Dylan alipoitoa yake 1971 akamtaja McGuinn kwa jina humohumo ndani ya wimbo.