Twisti saba na bado hatumjui mtu hata mmoja

Wiki hii nimeletewa tena skripti ya muvi ya uhalifu, hata sijafungua ukurasa wa kwanza mwenyewe ananiambia "humu kibao kinageuka mara saba, utashangaa". Jamani. Sijui nani kawaambia watu twisti, yaani pale hadithi inapogeuka ghafla, zikiwa nyingi ndo muvi inakuwa kali. Si kweli, na ntalirudia mpaka sauti ikauke.

Twisti inauma pale mtu uliyemzoea anapogeuka. Kama hujamzoea, kageuka kutoka wapi? Kwenye hiyo skripti ukurasa wa 78 mpelelezi anagundua mwenzake ndo aliyekuwa anawavujishia majambazi siri, anamwambia "kumbe ni wewe!", mvua inanyesha, bastola iko nje, kila kitu kipo. Nikachukua kalamu nikafuta jina la msaliti nikaweka la dereva, nikafuta tena nikaweka la mke wa mpelelezi, nikampa mwandishi asome. Sini haikuhitaji kubadilishwa hata neno! Yaani kurasa 77 zote hatujamwona yule msaliti akiogopa, akidanganya kitu kidogo, wala akimtendea mwenzake wema ambao baadaye ungetuchoma, alikuwa jina tu linasubiri zamu yake. Hilo jaribio la majina lifanye nyumbani kwanza kabla hujaniletea, nakuomba sana.

Angalia Vertigo, muvi ya mwongozaji Hitchcock, 1958. Riwaya iliyozaa muvi hiyo inaficha siri mpaka mwisho, ila Hitchcock anaitoa mapema, Judy, mwanamke aliyemhadaa mpelelezi Scottie, anakaa anaandika barua na sisi tunajua kila kitu, Scottie hajui, kuanzia hapo roho iko juu tukimwangalia huyu mwanaume anamlazimisha mwanamke avae anavyotaka yeye, abadilishe mpaka rangi ya nywele, na Judy anakubali kwa sababu anampenda. Kaitoa twisti yake kafara ili tubaki na watu wawili.

Halafu kuna zile kauli waandishi wananipa kila siku. "Muuaji asijulikane mpaka mwisho." Columbo, ule mfululizo wa TV wa mpelelezi, karibu kila episodi inakuonyesha muuaji mwanzoni kabisa, na watu waliangalia miaka na miaka.

"Steringi hafi." Psycho ya 1960, ya Hitchcock huyohuyo, steringi Marion anauawa muvi haijafika hata nusu. Inauma kwa sababu tulishakuwa naye kwenye gari na zile dola 40,000 alizoiba, tukaona anavyobabaika mbele ya askari wa barabarani, na alikuwa ameshaamua kurudi nazo.

"Mhusika wangu ana historia, mama yake aliuawa akiwa mdogo." Hiyo ni taarifa. Nionyeshe anachochagua akibanwa.

Skripti nimeirudisha. Atoe twisti tano, halafu kabla ya ukurasa wa 20 aniandikie sini moja tu, mpelelezi na mwenzake wanakula pamoja usiku baada ya kazi na hakuna chochote kinachogeuka.