Kumwaga "Moreover" Hakukupi Bendi 7

Nimeletewa tena orodha ya viunganishi vya Kiingereza. Karatasi mbili zimejaa "moreover", "furthermore", "nevertheless" na "in a nutshell", na swali ni lilelile: "Mwalimu, nikizimeza zote hizi nitapata 7?" Hutapata. Naandika haya kwa sababu watu wanajinyima ili walipie IELTS, mtihani wa Kiingereza unaotoa alama kwa bendi, yaani ngazi zinazofika 9, halafu wanapoteza alama kwa kitu walichokikariri kwa jasho.

Insha ya Task 2, kazi ya pili ya sehemu ya kuandika, ile ya dakika 40 na maneno yasiyopungua 250, inasahihishwa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa. Kimojawapo ni mtiririko na mshikamano, yaani jinsi hoja na sentensi zinavyofuatana na kushikana. Vigezo vyenyewe havijafichwa, vipo wazi kwa yeyote, visomeni! Bendi 5 inataja kupitiliza kwa viunganishi kuwa kasoro. Bendi 6 inasema mshikamano unaweza kuwa na makosa au kuwa wa kimashine. Ukifika bendi 9, mshikamano ni ule ambao ni nadra sana kumvuta macho msomaji. Sasa wewe unayeanza kila sentensi na "furthermore", macho ya nani hayatavutwa?

Wanaisimu Halliday na Hasan, mwaka 1976, waligawa mshikamano wa Kiingereza katika mafungu matano: urejeleo (kama "their"), ubadala (neno kushika nafasi ya lingine), udondoshaji (kuacha neno linaloeleweka), viunganishi na msamiati. Viunganishi ni fungu moja tu. Yale mengine manne hayamo kwenye orodha yako.

Tazama aya hii. Nimeitunga mwenyewe, lakini za namna hii nasahihisha kila wiki. Mada ni mifuko ya plastiki, inayopendwa sana na wanafunzi tangu Tanzania ilipoipiga marufuku tarehe 1 Juni 2019:

"Plastic bags block drains. Moreover, the drains flood the streets. On the contrary, paper bags are better. Furthermore, they are expensive. Hence, traders need help."

Na hii:

"Plastic bags block drains, and blocked drains flood the streets every rainy season. Paper bags would spare us that damage. Their price, however, is one that small traders cannot meet without help."

Kiunganishi cha kwenye orodha kimebaki kimoja, tena kimeingia katikati ya sentensi. Kazi imefanywa na "blocked drains" inayodaka maneno yaliyotangulia, "that damage" inayobeba sentensi nzima iliyopita, na "their" inayorudi kwenye mifuko ya karatasi. Hoja zinashikana zenyewe.

Sasa "on the contrary". Hii inanichosha kuliko zote. Chanzo chake nakijua: kwa Kiswahili "kinyume chake" tunaitumia kote kote, kupinga kauli na kulinganisha vitu viwili. Kiingereza kinatenganisha. "On the contrary" inakanusha kilichosemwa, na mara nyingi sentensi iliyotangulia tayari ina kanusho: "The ban did not ruin basket weavers. On the contrary, it brought them customers." Sentensi zote mbili ziko upande mmoja, ya pili inasukuma mbali zaidi. Lakini ukiandika "Plastic is cheap. On the contrary, paper is expensive", umekanusha nini? Ughali wa karatasi haufuti urahisi wa bei ya plastiki. Hapo weka "by contrast", au "while" na uandike sentensi moja. Na "on the other hand" ni ya kupima pande mbili za jambo lilelile: marufuku imesafisha fukwe, lakini imeongeza gharama za mfanyabiashara.

Mengine kwa haraka. "Despite of" haipo, ni "despite" au "in spite of". "Ingawa... lakini" Kiswahili kinavumilia, ila "although... but" katika sentensi moja ni kosa. "However" haiungi sentensi mbili kwa koma, tia nukta au nukta mkato. "In a nutshell" na "last but not least" ziacheni kwenye hotuba za harusi.

Kuna mawili nisiyo na uhakika nayo kama vitabu vilivyo. Tofauti kati ya "moreover" na "furthermore" inafundishwa kana kwamba ni sheria, ila nikisoma waandishi wazuri siioni ikifuatwa. Pili, orodha hizi humsaidia anayeanza. Aliyekuwa hawezi kuunganisha hoja mbili anapata pa kushika, na nimeona wengi wakitoka chini kwa njia hiyo. Ndiyo maana siwakatazi wa mwanzo. Nawakatalia waliokwama kwenye 6 na bado wanaongeza maneno.

Kama ni wewe, chukua insha yako ya mwisho, ufute kila kiunganishi kilicho mwanzoni mwa sentensi, kisha uisome kwa sauti. Pale ambapo maana imepotea, rudisha kimoja. Pale ambapo hakuna kilichopotea, acha wazi. Na pale ambapo sentensi mbili hazihusiani hata kidogo, hiyo aya iandike upya.