Kodi umelipa, biashara bado hujaruhusiwa

Wapangaji wengi wa Kirumba, Nyakato na Igoma, hapa Mwanza, huamini kwamba ukishalipa kodi ya miezi sita, chumba ni chako: kaanga sangara, uza barafu. Sivyo. Kodi inalipia matumizi mliyokubaliana, na mikataba mingi husema "makazi tu". Hata leseni ya halmashauri haimlazimishi mwenye nyumba kuipokea biashara. Omba ridhaa yake kwa maandishi: biashara gani, saa ngapi, wateja wapite mlango upi.

Ugomvi mara nyingi huanzia kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Friza ikiwa kwenye mita ya pamoja hula uniti za wenzako, na kugawana kwa idadi ya vyumba ni kuwaonea. Fundi afunge mita ndogo ya friza pekee. Someni namba pamoja kila mwezi.

Mafuta ya kukaangia usimwage kwenye sinki, yataziba bomba la nyumba nzima. Chuja, weka kwenye dumu.

Moshi je? Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu, usiku hugeuka. Kwa hiyo muulize anayelalamika moshi humfikia saa ngapi, kisha hamisha jiko. Mkishindwana, nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa na ule mkataba mkononi.