Netilisti ya Verilog kutoka kwenye mchoro wa sakiti: dhana potofu na ukweli

Fundi wa Lubumbashi anayeletewa kadi ya udhibiti ya miaka ya 1980, iliyojaa chipu za mantiki za familia ya 74LS, mara nyingi hana spea yake wala mtu wa kumwuliza. Njia iliyo wazi mbele yake ni kufuatilia nyaya za kadi hiyo, kuchora upya sakiti nzima kwenye kompyuta, kuutoa mchoro huo kama netilisti (orodha ya komponenti na miunganisho yake) ya Verilog au VHDL, yaani lugha za kuelezea sakiti za kidijitali kwa maandishi, kuijaribu mantiki yake, na hatimaye kuihamishia kwenye FPGA, chipu ambayo sakiti yake ya ndani hupangwa na mtumiaji. Kazi hiyo inawezekana kabisa hapa mjini. Wengi, wakiwemo wanafunzi wa politekiniki, wanaiacha kabla ya kuianza kwa sababu ya mambo yasiyo sahihi waliyoambiwa, na la kwanza linahusu leseni.

Inadaiwa kwamba bila leseni kamili ya programu ya bei kubwa netilisti ya Verilog haiwezi kupatikana. Ni kweli kwamba matoleo ya bure ya programu za kibiashara yana mipaka: Eagle, programu ya kuchora sakiti na bodi, katika toleo lake la bure iliruhusu kurasa mbili za mchoro na bodi isiyozidi sentimita za mraba 80, na zipo programu zinazomwachia mtumiaji achore apendavyo lakini zikamfungia sehemu ya kutoa faili. Hata hivyo, kutoa netilisti ni kazi nyepesi kwa kompyuta, kwani programu husoma kila komponenti, hutazama pini zipi zimekutana kwenye waya ipi, kisha huandika matokeo kwa sarufi ya lugha inayotakiwa. Programu huria zinaifanya kazi hiyo tangu zamani. Xschem hutoa netilisti za SPICE (za kuigiza sakiti kwa volti na mikondo), Verilog na VHDL. Gnetlist ya mradi wa gEDA hufanya vivyo hivyo. Na kwa sakiti za mantiki tupu, Logisim-evolution na Digital huandika Verilog au VHDL moja kwa moja. Quartus Prime Lite, ambayo haidai leseni ya kulipia, nayo hugeuza mchoro uliochorwa ndani yake kuwa faili ya lugha hizo. KiCad, inayotumiwa na wengi, haina kitufe cha Verilog, lakini huandika faili ya XML yenye komponenti na miunganisho yote na hukubali skripti ya mtumiaji mwenyewe. Anayejua Python kiasi anaweza kuiandika skripti hiyo, nami ningemshauri aanzie hapo kuliko kungoja leseni isiyokuja.

Wapo pia wanaoamini kwamba leseni ikiisha, mchoro umepotea. Hilo hutegemea faili imehifadhiwa kwa namna gani. Tangu toleo la 6, faili za Eagle ni maandishi ya XML yanayosomeka kwa kihariri chochote, na KiCad inaweza kuziingiza. Jambo hili lina uzito wa pekee kwa sasa, kwa kuwa Autodesk, iliyoinunua Eagle mwaka 2016, ilitangaza kwamba huduma yake ingekoma tarehe 7 Juni 2026. Mwenye michoro ya zamani aihamishe angali na programu inayoweza kuifungua.

Kuhusu leseni zilizovunjwa, nitasema kwa ufupi: faili za kuvunjia leseni ni njia inayojulikana ya kuingizia virusi, na kompyuta hiyohiyo ndiyo yenye michoro ya mteja. Leseni halali nayo ina masharti yake. Ile iliyofungwa kwenye namba ya kadi ya mtandao hukataa kompyuta ikibadilishwa, na ile inayotolewa na seva hukwama mawasiliano yakikatika, kwa hiyo katika mji ambao umeme na intaneti hukatika ni busara kuchagua programu isiyohitaji kumwomba mtu ruhusa kila inapowashwa.

Dhana inayoleta hasara kubwa zaidi ni kwamba netilisti zote ni kitu kimoja. Netilisti ya kutengenezea bodi huhesabu chipu na namba za pini. Tuchukue 74LS00: kwenye bodi ni chipu moja yenye pini 14, na netilisti hutaja pini ya 1, ya 2 na ya 3 bila kujali kinachotendeka ndani. Verilog inahitaji kujua kwamba pini ya 1 na ya 2 ni maingizo ya geti ya NAND (hutoa 0 pale tu maingizo yote yakiwa 1), kwamba ya 3 ni toleo lake, na kwamba ya 7 na ya 14 ni za umeme na hazina nafasi katika mantiki. Maarifa hayo hayamo katika waya. Yamo katika alama ya komponenti na katika modeli, yaani maelezo ya utendaji wa chipu ambayo mtu ameyaandika. Alama ikiwa na pini zilizowekewa aina ya jumla badala ya ingizo au toleo, programu haitajua ielekeze vipi milango ya moduli, yaani kipande cha Verilog kinachowakilisha chipu. Na modeli ikikosekana, Icarus Verilog, programu ya kuijaribu Verilog kwenye kompyuta, itasimama na kusema kwamba haiijui moduli hiyo, nayo itakuwa imesema kweli.

Majina nayo yana sheria zake. Kwenye mchoro ni kawaida kuandika +5V au /RESET, lakini jina la Verilog huanza kwa herufi au kistari cha chini, na jina lenye alama nyingine lazima litanguliwe na mkwaju wa nyuma (\) na kufungwa kwa nafasi tupu. VHDL haitofautishi herufi kubwa na ndogo, hivyo waya mbili zilizoitwa Run na RUN, ambazo kwa Verilog ni tofauti, huko zitagongana. Ni afadhali kuyasafisha majina kwenye mchoro wenyewe kuliko kuyarekebisha ndani ya faili iliyotolewa, kwa sababu mchoro ukitolewa tena marekebisho yote hupotea.

Wengine huona kwamba faili ikikubaliwa bila kosa, basi ni sahihi. Verilog ina desturi ya hatari hapa: waya ambayo haikutangazwa, ikionekana katika muunganisho wa moduli, huundwa yenyewe ikiwa na biti moja. Skripti ikisahau kutangaza basi (kundi la waya) ya biti nane, biti moja itaunganishwa na saba zitaning'inia, na huenda likatokea onyo tu. Agizo la `default_nettype none likiwekwa juu ya faili, uzembe huo hugeuka kuwa kosa linaloonekana.

Hata netilisti isiyo na kosa haiwi nakala kamili ya kadi. Ingizo la 74LS lililoachwa wazi kwa kawaida husomeka kama 1, na kadi hufanya kazi. Katika Verilog ingizo hilo halina thamani inayojulikana, na kutojulikana huko husambaa kwenye sakiti. Matoleo mawili (pini mbili za kutoa) ya 74LS05 yenye kolekta wazi, yaani yanayoweza kuishusha waya hadi 0 lakini si kuipandisha hadi 1, yanaweza kuunganishwa pamoja kwenye kadi bila tatizo, lakini kwenye waya ya kawaida ya Verilog yatapingana, isipokuwa modeli iachie waya badala ya kuipeleka 1, na rezista ya kuivuta juu iandikwe kama pullup.

Mfano mgumu kuliko yote ni 74LS123, chipu inayotoa mpigo wa muda fulani kila inapochochewa. Urefu wa mpigo wake hutoka kwenye rezista na kapasita zilizo nje ya chipu, na netilisti ya kidijitali haibebi thamani hizo kwa namna inayoleta maana. Ndani ya FPGA mpigo huo hujengwa upya kwa kaunta inayohesabu saa, na idadi ya kuhesabu hutokana na kipimo cha osiloskopu kilichochukuliwa kwenye kadi yenyewe ingali inafanya kazi. Kadi ikiwa imekwisha kufa, hubaki thamani zilizoandikwa kwenye rezista na kapasita pamoja na fomula iliyomo kwenye karatasi ya data ya mtengenezaji, na kapasita ya elektroliti ya umri huo haiaminiki tena kwa thamani iliyoandikwa juu yake.