Jimbo jekundu ni jekundu kwa nani?

Uchaguzi wa Marekani ukikaribia, vijiweni na redioni husikika kauli mbili zinazogombana. Moja inasema Kentucky ni jimbo jekundu, kwa hiyo Mdemokrat hana chake kule. Nyingine hutoka kwa aliyesikia habari za Andy Beshear: mbona huyo ni Mdemokrat na ndiye gavana wa hukohuko Kentucky, tena watu wanampenda? Basi akiutaka useneta atauchukua asubuhi na mapema. Wenye kauli hizi wanaweza kubishana hadi kahawa iishe, na wote wawili wamelitumia vibaya neno lilelile.

Jimbo jekundu ni lile ambalo mgombea urais wa Republican hushinda bila wasiwasi, uchaguzi baada ya uchaguzi. Jimbo la bluu ni la Democratic kwa namna hiyohiyo. Maana ni hiyo tu, na ningeomba neno "urais" lisidondoshwe njiani, maana hapo ndipo mambo huharibika.

Rangi zenyewe si za zamani kama watu wanavyodhani. Wala hakuna chama kilichokaa kikao kikazichagua. Ni kazi ya vituo vya televisheni, na kwa miaka mingi kila kituo kilipaka ramani yake kilivyopenda. Mwaka 1976 NBC waliwasha taa nyekundu kwa majimbo ya Jimmy Carter, Mdemokrat, na mwaka 1980 ushindi wa Ronald Reagan wa Republican uliigeuza ramani yao kuwa bluu karibu yote. Kwa desturi ya nchi nyingi hilo ndilo lenye mantiki zaidi: nyekundu ni ya mrengo wa kushoto, na Uingereza hadi leo ni rangi ya Labour. Kilichozigandisha rangi ni mwaka 2000. Mvutano wa kura za Florida kati ya George W. Bush wa Republican na Al Gore wa Democratic ulidumu zaidi ya mwezi, na muda wote huo ramani moja ilikaa kwenye skrini na magazetini, Bush mwekundu, Gore wa bluu. Mhariri wa michoro wa New York Times alieleza baadaye kwamba sababu yake ilikuwa herufi tu: jina la Republican na neno la Kiingereza la rangi nyekundu huanza na R. Hakukuwa na falsafa yoyote.

Nimeikalia historia hii kwa sababu inaonyesha ramani ile ilikuwa ya nini. Ilihesabu kura za rais. Haikuhesabu magavana, na haikusema lolote kuhusu nani anafaa kusimamia barabara na shule za Kentucky.

Ugavana ni kazi ya nyumbani. Mwaka 2019 Beshear alimwangusha gavana Matt Bevin kwa kura kama 5,000, na Bevin alikuwa amejitafutia mwenyewe: aligombana na walimu juu ya pensheni zao hadi wakamchoka. Siku hiyohiyo, wapigakura haohao wakawapa Warepublican nafasi nyingine zote za jimbo zilizokuwa kwenye karatasi. Kisha zikaja corona, vimbunga vya Desemba 2021 na mafuriko ya Julai 2022, na gavana akaonekana kila siku yuko kazini. Mwaka 2023 akashinda tena kwa pointi 5 za asilimia. Mwaka mmoja baadaye Donald Trump alishinda Kentucky kwa pointi kama 30. Hakuna aliyebadili rangi hapo katikati. Waliulizwa maswali mawili tofauti, wakatoa majibu mawili.

Useneta ni swali la aina ya rais. Seneti, baraza la juu la Bunge la Marekani, ina viti 100, na chama chenye wengi ndicho hupanga ajenda, huongoza kamati na huamua kama majaji wa Mahakama ya Juu watapita. Mpigakura wa jimbo jekundu kama Tennessee anayempenda Mdemokrat wake anajua fika kwamba kumpeleka Washington ni kuwaongezea wenzake kiti. Watanzania tunaijua kampeni ya "mafiga matatu", rais, mbunge na diwani wa chama kimoja. Kule hawaimbi wimbo huo, lakini kwa rais na seneta wapigakura wengi siku hizi hufanya vivyo hivyo bila kuambiwa. Mwaka 2016 kila kiti cha useneta kilichogombewa kilikwenda kwa chama kilekile kilichoshinda urais katika jimbo hilo. Mwaka 2020 ikawa hivyohivyo, isipokuwa kwa Susan Collins wa Maine.

Muulize Phil Bredesen. Alikuwa gavana Mdemokrat wa Tennessee kwa mihula miwili, na mwaka 2006 alishinda kaunti zote 95. Zote! Mwaka 2018 akagombea useneta, akatangaza hata kwamba hatamuunga mkono Chuck Schumer kuwaongoza Wademokrat wa Seneti. Alishindwa na Marsha Blackburn wa Republican kwa pointi kama 11. Steve Bullock, Mdemokrat wa Montana, alishinda ugavana mwaka 2016, siku ileile Trump alipolichukua jimbo lake kwa pointi 20. Mwaka 2020 akaingia mbio za useneta, akashindwa kwa pointi 10.

Na anayedhani hili ni tatizo la Wademokrat peke yao amtazame Larry Hogan, Mrepublican aliyekuwa gavana wa Maryland, jimbo la bluu tupu, kwa mihula miwili. Alipogombea useneta mwaka 2024, Mdemokrat Angela Alsobrooks alimshinda kwa pointi kama 12.

Simaanishi kwamba kupendwa hakuna thamani. Bullock alimzidi Joe Biden kwa pointi kama 6 katika jimbo lile, na Hogan alimwacha Trump mbali sana Maryland. Jina zuri hununua pointi kadhaa. Swali ni jimbo lina mteremko wa pointi ngapi, na wa Kentucky ni 30. Wako Wademokrat waliowahi kuupanda mteremko wa namna hiyo: Joe Manchin wa West Virginia na Jon Tester wa Montana walishinda hadi 2018, na Doug Jones alipata kiti cha Alabama mwaka 2017 dhidi ya Roy Moore, mgombea wa Republican aliyekuwa amezongwa na tuhuma nzito. Lakini Jones aling'olewa 2020, Tester 2024, na Manchin hakugombea tena.

Kwa hiyo ndugu yangu wa kijiweni, Kentucky ni jekundu kwenye kura ya urais, na kura ya useneta siku hizi huifuata ile. Ukilisema hivyo, ugavana wa Beshear haukupingi, na wewe hutalazimika kumpa kiti cha useneta wa Kentucky cha Mitch McConnell wa Republican, ambacho Beshear mwenyewe alishasema hakigombei.