Argoni haijajaa, imetulia

Hili neno "limejaa" limenichosha jamani. Juzi mtoto wa jirani hapa Kisauni, yuko kidato cha pili, kaniletea daftari lake, kaandika gesi ya argoni haishikani na kitu sababu ganda lake la nje la elektroni limejaa, na mstari wa juu yake kaandika yeye mwenyewe kwamba ganda la tatu lachukua elektroni 18. Argoni ina elektroni 2, 8, 8, ganda kwa ganda. Akaniuliza, "Ami, nane zajaza vipi mahali pa kumi na nane?" Swali zuri sana hilo, na darasani aliambiwa andika tu.

Maana yenyewe ni fupi. Atomi ina kiini katikati, elektroni zimekizunguka kwa maganda, la kwanza lachukua 2, la pili 8, la tatu 18. Zile za ganda la nje ndo hukutana na za atomi jirani, zikitolewa, zikichukuliwa ama zikitumiwa pamoja, hapo ndo atomi hushikana, yaani bondi. Basi.

Sasa argoni. Ilipogunduliwa Uingereza 1894 waliipa jina la Kigiriki, argos, yaani asiye na kazi, mvivu. Angalia huo mwaka, elektroni zilikuja kugunduliwa 1897, kwa hivyo waliotoa jina walitazama tabia tu, kwamba kila walichoijaribu nacho yakataa, hakuna aliyehesabu maganda. Tabia hiyo hata fundi wa kuchomelea aliminiamu kule Changamwe aijua, afungua mtungi wa argoni gesi ipulize pale penye moto, aliminiamu iliyoyeyuka isishikwe na hewa, na argoni yenyewe haiigusi.

Na si kwamba imekosa nafasi. Zile nane zavutwa kwa nguvu na protoni 18 za kwenye kiini, kung'oa moja ni kazi, na kuongeza ya tisa hakuna faida sababu nafasi zilizobaki ganda la tatu zataka nishati zaidi. Ndo maana potasiamu, inayoifuata argoni, elektroni yake ya 19 yaenda ganda la nne, zile nafasi kumi za la tatu zaachwa wazi, na hiyo moja ya nje iko legelege mpaka ukiitia potasiamu majini yawaka.

Limejaa tuwaachie heliamu na neoni, yao yamejaa kweli. La argoni limetulia na nane. Mtoto nimemwambia afute neno moja tu, jibu lengine lote liko sawa.